Likizo ya familia karibu na nyumbani bila kukopa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndo maswali ninayoulizwa kila shule zikikaribia kufungwa, na ndugu, na majirani, na wazazi wenzangu pale getini tunaposubiri watoto watoke. Nimeyajibu kwa mdomo mpaka nikaona bora niyaweke yote sehemu moja. Nina watoto watatu, mkubwa ana miaka 14, wa kati 8, mdogo 3, na miaka yote hii likizo zetu hazijawahi kuvuka mwendo wa saa mbili kutoka nyumbani. Mengine nimejifunza kwa kukosea, nitasema wapi.

Kwani kwenda hapo karibu nako ni likizo kweli?

Ni likizo, tena wala usione aibu. Safari ya kwanza aliyoiandaa Thomas Cook, yule Mwingereza ambaye jina lake lilikuja kuwa kampuni kubwa ya utalii, ilikuwa ya treni kutoka Leicester kwenda Loughborough, tarehe 5 Julai 1841. Haifiki hata kilomita 20! Watu kama 500 walilipa shilingi moja moja ya kwenda na kurudi na jioni ileile wakawa wamesharudi makwao. Biashara nzima ya kuwauzia watu wa kawaida safari ilianzia hapo, mji wa jirani tu.

Alafu watoto hawahesabu kilomita. Mwaka jana tulitoka kwenda kuona maporomoko ya maji, tukasimama njiani dakika tano watoto wakojoe, kumbe pana kijito hapo, maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu. Wa kati akaokota jiwe akalitupia majini, akaokota lingine, mara mdogo wake naye akaanza kumletea mawe moja moja kwa mikono miwili kama amebeba yai, wakaanza kujenga ukuta wa kuzuia maji, maji yanapita pembeni, wanaziba, yanatokea kwingine, wanaziba tena. Dakika tano zikawa saa mbili na nusu na hakuna aliyeomba chakula. Maporomoko hatujayaona mpaka leo. Ukimuuliza yeyote kati yao likizo ile ilikuwaje atakuambia habari za ukuta wao na hakuna atakayekumbuka kwamba tulikuwa tunaenda kwingine.

Karibu ni umbali gani hasa?

Kwetu ni saa 2 za barabarani, na ninaomba uuheshimu mpaka huo ukiwa na watoto wadogo. Madereva wanashauriwa wapumzike angalau dakika 15 kila baada ya saa 2, kwa hiyo safari yako yote inaisha kabla dereva hajaanza kuchoka. Mnafika bado mna nguvu na siku bado ipo. Na mtoto akipandwa na homa usiku au mmesahau dawa ya mtu, kurudi si janga.

Kwenye mafuta ndo utaona tofauti vizuri. Chukua gari linalokula lita 8 kwa kilomita 100. Sehemu iliyo kilomita 60, kwenda na kurudi ni 120, hazifiki lita 10. Sehemu iliyo kilomita 500, kwenda na kurudi ni 1,000, hizo ni lita 80. Hizo lita 70 za tofauti zidishe kwa bei ya mafuta ya kwenu, uone ni siku ngapi za kulala umeziteketeza barabarani.

Kutafuta sehemu yenyewe, fungua ramani kwenye simu, weka nyumba yako katikati, zungusha duara la hizo saa mbili, alafu soma kila kilichomo ndani: misitu, mabwawa, fukwe, magofu, makumbusho, mashamba yanayopokea wageni, vituo vya zamani vya treni. Mtu anaweza kuishi miaka kumi kwenye mtaa na kuna kitu dakika 40 kutoka kwake hajawahi kukikanyaga, kwa sababu tu kipo karibu na anajua hakiendi popote.

Bajeti naanzaje?

Anza na hela uliyonayo, usianze na sehemu unayoitaka. Wengi tunafanya kinyume, tunaona picha, tunapenda, alafu tunaanza kuhangaika hela itoke wapi, na hapo ndo mikopo inapoingilia. Likizo ya siku nne inayolipwa kwa miezi kumi inawaharibia nyumba hiyo miezi kumi yote.

Kulala, usafiri na chakula vinajulikana mapema, unaandika tu. Kinachoua bajeti ni vile vidogo vidogo ambavyo hakuna anayeviandika: parkingi, choo cha kulipia, soda kwa sababu maji yameisha, mdoli uliotundikwa pale pale kwenye geti la kutokea usawa wa macho ya mtoto (wanautundika hapo makusudi jamani). Sisi tunafanya hivi, katika kila kumi, moja inawekwa pembeni haiguswi mpaka kuwe na dharura, na hizo za vidogo vidogo tunazitoa keshi na kuzigawa kwenye bahasha, bahasha moja kwa siku moja. Bahasha ikiisha siku imeisha.

Na mhasibu ni mtoto wa kati. Kila jioni anamwaga chenji kitandani, anahesabu, anaandika kwenye daftari lake. Safari iliyopita tulisimama mbele ya mwuza aiskrimu, wote wanaitaka, mimi pia naitaka, yeye akafungua bahasha akahesabu kimyakimya midomo inatembea, akasema tukinunua leo basi kesho mtumbwi hatupandi. Akatuangalia usoni mmoja mmoja. Tukaondoka. Mimi ningesema maneno yaleyale wangelia nusu saa, lakini kwa kuwa hela wanaiona na kuigusa wakaelewa bila vita.

Viingilio vya familia nzima vinaumiza, nifanyeje?

Piga simu kwanza, uliza vitu vinne: tiketi ya familia ipo? watoto wa umri gani wanaingia bure? kuna siku ya bure au ya nusu bei? tukitoka kwenda kula nje tunaruhusiwa kurudi kwa tiketi ileile? Hilo la mwisho watu wanalisahau, na ndo linalowafanya mnunue chakula cha ndani kwa bei ya ajabu.

Kama wana kadi ya mwaka, gawanya bei ya kadi kwa kiingilio cha siku moja. Ukipata 3 na una uhakika mtarudi mara nne au tano, chukua. Kama huna uhakika acha, usinunue kwa sababu mhudumu amekusisitizia. Makumbusho nayo yana siku yake, tarehe 18 Mei, Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, ipo tangu mwaka 1977, na siku hiyo mengi yanafungua milango bure au yana shughuli za watoto.

Siku gani ni nafuu kwenda?

Katikati ya wiki, Jumatatu hadi Alhamisi. Kama kazi zinabana, ondokeni Jumapili mchana wakati wa wikendi wanarudi, mlale mpaka Jumanne. Epuka wiki ya kwanza baada ya shule kufungwa, kila mtu anakimbilia huko, subiri wiki ya mwisho. Sikukuu ndefu ndo usiguse kabisa.

Tulale wapi?

Kwa familia ya watoto naamini kabisa katika sehemu yenye jiko. Hata kama chumba cha hoteli kina bei ndogo kidogo, ukishalisha watu watano nje mara tatu kwa siku umeshapoteza ulichookoa.

Hosteli watu wanazidharau wakidhani ni za wanafunzi, kumbe nyingi zina vyumba vya familia vyenye vitanda vya juu na chini na jiko la kutumia pamoja. Zenyewe zilianza na mwalimu wa Kijerumani, Richard Schirrmann, mwaka 1909 alikuwa kwenye matembezi na wanafunzi wake mvua kubwa ya radi ikawakuta, wakalala kwenye jengo la shule, akawaza mbona majengo ya shule yapo tupu likizo nzima na watoto hawana pa kulala wakisafiri. Mwaka 1912 hosteli ya kwanza ya kudumu ikafunguliwa ndani ya ngome ya Altena.

Kubadilishana nyumba nako kupo, na hakuhitaji intaneti wala nini. Mnamjua mtu anayeishi saa moja na nusu kutoka kwenu, mwenye watoto? Mnahamia kwao siku tatu, wao wanahamia kwenu. Watoto wanakuta midoli mipya bila kununua hata mmoja. Mkubaliane tu kwa maandishi nani anamwagilia maua, chumba gani hakifunguliwi na nini kikivunjika inakuwaje, hata kama ni marafiki wa miaka, hasa kama ni marafiki wa miaka.

Popote utakapolala, kabla ya kulipa uliza: bei hii ni ya chumba au ya kichwa? Usafi unalipiwa pembeni? Kuna ngazi, balkoni, bwawa lisilo na uzio? Tukighairi hela inarudi mpaka siku ngapi kabla? Mwombe mwenye nyumba picha ya choo na bafu iliyopigwa wiki hiyo. Kuna sehemu tulilipia mwaka mmoja kwa picha nzuri za mtandaoni, tukafika tukakuta bafu halina mlango, na hela haikurudi.

Hatujawahi kulala kwenye tenti, tutaweza?

Mtaweza, ila usiku wa kwanza msiufanyie porini. Fungeni tenti uani au hata sebuleni mkisukuma viti, mlale humo usiku mmoja. Hapo ndo mtagundua kuna fimbo moja haipo, mdogo anaogopa zipu ikifungwa, na tenti ya watu wanne ni ya watu wanne wasio na begi hata moja. Nunua ukubwa wa watu wawili zaidi ya mlivyo, au bora zaidi azima.

Baridi ya tenti inatoka chini, kumbuka hilo. Ardhi inanyonya joto la mwili usiku kucha, kwa hiyo blanketi mbili chini yako zina faida kuliko tatu juu yako. Na jiko la mkaa au la gesi lisiingie ndani ya tenti kamwe, hata limebaki makaa tu, hata kwa dakika chache, hata mvua ikinyesha. Ile hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi haina harufu na inaua watu wakiwa wamelala.

Chakula tufanyeje kisiharibike na kisitufilisi?

Jaza chupa za maji robo tatu, zitie kwenye friza siku mbili kabla, ndo zitakuwa barafu yenu kwenye boksi la barafu na zikiyeyuka mnakunywa. Robo ile ya juu iache wazi maana maji yakiganda yanatanuka na chupa inapasuka. Boksi lenyewe kama una nafasi liingize ndani sehemu ya baridi usiku mmoja kabla, boksi lililokaa juani linayeyusha barafu yako kabla hujafunga mlango wa gari. Nyama iwe imegandishwa na ikae chini kabisa, mboga na matunda juu. Vinywaji viwe na boksi lao au begi lao, kwa sababu la vinywaji linafunguliwa kila dakika tano.

Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na joto likizidi nyuzi 32 ni saa 1 tu. Hapa sina mzaha kabisa, kuharisha kwa mtoto mmoja kunaangusha likizo ya wote. Beba pakiti za chumvichumvi za kuchanganya na maji, hazina uzito na ukizihitaji usiku wa manane huna pa kuzikimbilia.

Mpango wetu: asubuhi na mchana tunakula vyetu, jioni moja katika safari yote tunakula nje, na watoto wanajua ni jioni ipi. Mkila nje kila siku siku ya tatu hawaoni tena kama ni kitu. Ikiwa jioni moja tu wanaisubiri, wanavaa vizuri, wanachana nywele wenyewe bila kuambiwa.

Mbona mimi mama narudi nimechoka kuliko nilivyoondoka?

Hili ndo swali ninaloulizwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi mtu analiuliza mwishoni kabisa wengine wakishaondoka.

Likizo yetu ya tatu tulipanga nyumba nzuri karibu na ziwa. Siku ya pili saa tisa mchana nilikuwa nimesimama kwenye sinki naosha sufuria, dirisha lipo wazi, nasikia wenzangu wanacheka kule majini, nikasikia mdogo (huyu ambaye sasa ndo wa kati) anauliza "mama yuko wapi?" na baba yake akajibu "yupo, anakuja." Nikaangalia sinki. Nikagundua nimebadilisha jiko tu, sijaenda likizo.

Usiku ule niliongea na mume wangu, si kwa ugomvi. Tukachukua karatasi tukaandika kila kazi ya siku moja kuanzia mtu anapoamka: nani anaamka na mdogo, nani anapika, nani anaosha, nani anajua taulo ziko wapi, nani anakumbuka dawa, nani anafungasha begi la kutokea, nani anajibu "nina njaa". Zilifika 19. Zangu zilikuwa 16. Yeye mwenyewe alinyamaza muda mrefu akaichukua kalamu akaanza kuandika jina lake.

Tangu hapo tunaondoka na karatasi hiyo. Asubuhi zote ni za baba, kuamka na watoto mpaka chai imetoka. Wa miaka 14 na wa 8 wanaosha vyombo vya jioni. Vyakula vinavyohitaji mtu asimame jikoni saa nzima tunaviacha nyumbani, hakuna kukaanga. Na kila mzazi anapata nusu siku peke yake, bila mtoto na bila kuulizwa anaenda wapi. Mimi yangu huwa nalala. Ukifanya kitu kimoja tu katika yote niliyoandika humu, fanya hiki.

Watoto wa umri tofauti sana nawaridhishaje wote?

Usijaribu kuwaridhisha wote saa ileile. Panga kitu kikubwa kimoja tu kwa siku, kiwe asubuhi, alasiri iache tupu. Mdogo atalala, wa kati atachezea udongo, mkubwa atasoma au atalala pia.

Mtoto mchanga ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, anataka maziwa yake, kivuli na ratiba yake ya kulala. Kazi ipo kwa wa mwaka mmoja hadi mitatu, huyu anakimbia na hajui hatari, kwa hiyo sehemu yake iwe na uzio au iwe wazi kabisa umwone.

Kijana wa miaka 13 kwenda juu mpe kazi ya kweli, sio ya kumfurahisha. Wangu nilimwambia Jumatano ni yako, una bahasha hii, una basi na miguu, tupeleke unapotaka. Wiki tatu kabla alikuwa anasema haji. Akatupeleka kwenye stesheni ya zamani ya treni iliyofungwa, akatusomea ubao wa ratiba za miaka hiyo, alikuwa ameshaangalia saa za basi la kurudi na choo kilipo. Sijawahi kumwona ametembea mbele yetu kifua mbele vile.

Mtoto anatapika kwenye gari.

Sikio la ndani linahisi mwendo, macho yanaona kiti kimetulia, ubongo unachanganyikiwa. Wanasumbuka zaidi wa miaka 2 hadi 12. Kwa hiyo macho yaende nje, mbele mbali, hakuna simu wala kitabu. Mpe kitu kikavu chepesi kabla ya safari, asipande na tumbo tupu wala lililojaa, fungua dirisha kidogo, na weka mifuko miwili miwili na nguo ya kubadili mahali mkono unafika, sio chini ya mabegi yote. Tukisafiri saa ya usingizi wake wa mchana mdogo wangu hatapiki kabisa.

Hatuna gari.

Basi na treni ni sehemu ya likizo kwa mtoto, wengine ndo likizo yenyewe. Chagua sehemu yenye kituo unachoweza kutembea mpaka mnapolala, mtoto wa miaka 4 mwenye begi lake mgongoni hesabu kilomita moja, isizidi hapo. Begi moja kila mtu na mkono mmoja ubaki huru wa kushika mtoto. Na usiondoke bila kujua saa ya basi la mwisho la kurudi.

Mvua ikinyesha je?

Itanyesha, ipange kabisa. Karata, kamba, penseli za rangi, tochi, na nguo za kulowana. Mvua isiyo na radi sio sababu ya kukaa ndani, wavue viatu waende, ukiwa na taulo na kitu cha moto cha kunywa wakirudi. Ikiwa na radi mko ndani ya nyumba au ndani ya gari, sio chini ya mti na sio kwenye tenti.

Usalama, ni nini hasa nisisahau?

Maji kwanza. Mtoto anayezama hapigi kelele, anazama kimya, ndani ya dakika chache, watu wazima wakiwa pale pale wanapiga stori. Watu kumi wakiwa wanaangalia maana yake hakuna anayeangalia, kwa hiyo sisi tuna kofia nyekundu, anayeivaa ndiye mlinzi, hashiki simu, haendi kuchukua juisi, na haivui mpaka mwingine aivae. Wasiojua kuogelea wawe umbali wa mkono wako kuwafikia.

Gari lililofungwa juani linaweza kupanda kama nyuzi 10 ndani ya dakika 10 tu, na dirisha kuachwa wazi kidogo hakusaidii. Usimwache mtoto humo hata unapokimbia kulipia parkingi.

Jua ni kali zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Kofia, kivuli, losheni ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi inayopakwa upya kila saa 2 na kila wakitoka majini. Mwenye chini ya miezi sita akae kivulini tu.

Hatuna hela ya kulala nje hata siku moja. Tukae nyumbani?

Kaeni, ila wekeni masharti, la sivyo mtajikuta Jumatano mnafua. Chagueni tarehe, tatu au nne, muwaambie ndugu kwamba hampo. Wiki kabla fueni, fagieni, pikeni vya kugandisha. Siku ya kwanza tokeni nyumbani asubuhi na begi kama mnasafiri, mzunguke, mrudi jioni "kufika". Kulala kuwe kwingine, magodoro sebuleni au watoto chumba cha wazazi. Simu za kazi droo moja, ifungwe.

Usiku ni bure pia. Vimondo vya Perseidi vinafika kilele karibu tarehe 12 na 13 Agosti, vinapendeza zaidi kaskazini mwa ikweta, na vya Geminidi tarehe 13 na 14 Desemba vinaonekana karibu dunia nzima. Hauhitaji darubini, lala chali kwenye mkeka mbali na taa, na uwape macho dakika 20 hadi 30 yazoee giza. Mtu mmoja akiwasha simu mnaanza upya.

Wenzao wamepanda ndege, wangu wananiuliza sisi lini. Niwaambie nini?

Ukweli. Hela tuliyonayo ni hii, tumechagua hivi. Usimwambie "mwakani" kama hujui, atakumbuka. Alafu mpe kitu cha kusubiri mapema. Mwaka 2010 Jeroen Nawijn na wenzake huko Uholanzi walitoa utafiti wa watu wazima 1,530, ambao 974 kati yao walienda likizo, wakakuta wanaosubiri safari wana furaha kuliko wasiosafiri, ila wakisharudi wengi wao hawana tofauti na waliobaki, isipokuwa wale waliopumzika kwelikweli. Mimi nikisoma hivyo naona kusubiri ni nusu ya likizo na kupumzika ndo nusu nyingine, na vyote viwili havihitaji ndege. Kwetu ramani inabandikwa ukutani mwezi mzima kabla, kila mtu anachora duara pale anapotaka, na mdogo anachora juu ya zote.

Bibi na babu au shangazi wakitaka kuja?

Karibuni sana, ila hela iongelewe kabla, sio siku ya kulipa. Tunagawa kwa vichwa, watoto nusu, na wazee hawalipi kama sisi vijana tunaweza. Na wasigeuzwe yaya, waulize wao wanataka kufanya nini, bibi yetu alitaka kukaa kwenye gati miguu ikining'inia majini asiongeleshwe, tukamwekea kiti.

Zimebaki siku kumi shule zifungwe na sijapanga chochote. Nimechelewa?

Hapana, safari yetu nzuri kuliko zote tuliipanga kwa siku sita. Leo usiku fungua ramani uchore duara. Kesho asubuhi piga simu sehemu tatu, na ukipiga uliza kama kuna mtu ameghairi, wiki ya mwisho hivi wenye nyumba wanashusha bei kuliko chumba kibaki tupu. Jioni kaeni na ile karatasi ya kazi, wote, hata wa miaka mitatu apewe yake. Kama mnaondoka Jumapili, chupa za maji zitie kwenye friza Ijumaa.